Vidole Visivyojua Pamba

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeaibika. Sketi sita za sare, zote nimegeuza bitana, kile kitambaa cha ndani — upande laini nje, unaokwaruza ndani. Bosi, yule tunayemwita Futikamba, kaziweka mezani kwangu, kauliza tu: macho vipi siku hizi?

Macho mazima. Lakini bitana siitazami, naijua kwa kuigusa, ndivyo Mama alivyonifundisha. Vidole ndivyo vina ganzi, miezi minne sasa. Nimefumua mpaka jioni.

Alhamisi, 7 Machi

Kliniki ya sukari. Kipimo cha damu cha kila mwaka. Daktari ni binti mdogo, anaongea kama anayeomba radhi. Sukari nzuri, kasema, ila vitamini D iko chini. Unashinda ndani? Nikamwambia, tangu nina miaka kumi na sita.

Na B12 iko chini sana. Hiyo ndiyo inayolinda mishipa ya fahamu, na ganzi yangu huenda imetoka huko. Vidonge vyetu vya sukari, ukivinywa miaka mingi, vinaweza kuipunguza mwilini. Nitachomwa sindano. Nikiwahi, ganzi inaweza kuondoka. Nikichelewa, inaweza kubaki.

Nikauliza dalili nyingine. Kuchoka, ulimi kuuma, kuyumba, kusahau.

Nikamwomba arudie hizo mbili za mwisho. Mama anakunywa vidonge hivyo hivyo, mwaka wa kumi na nne huu.

Jumamosi, 9 Machi

Kutwa nawaza kile chumba chetu kimoja cha utotoni, cherehani chini ya dirisha. Mama ananifunga macho kwa kitambaa, ananipa kipande kimoja kimoja nikitaje. Pamba. Kitani. Tetroni. Nikikosea, ananigonga kidole kwa chaki. Macho ni ya wateja, mwanangu, fundi ana vidole. Nikipatia vyote, ananibeba mgongoni, tunazunguka meza.

Ajabu kumlilia mtu aliye chumba cha pili. Leo kaniita kwa jina la mdogo wake, marehemu. Mara tatu. Nimeitika zote.

Jumapili, 10 Machi

Mdogo wangu kaja kuchukua cherehani ya Mama. Kuna mtu anaihitaji, na Mama hata uzi hawezi kutia. Nikamweleza habari ya B12. Kacheka. Dada, uzee hauna sindano.

Pengine ni kweli. Daktari hakuniahidi kitu. Lakini nani aliyemgombeza Mama mwaka mzima kwa kuacha bomba wazi? Mimi. Nilimwambia anajidekeza. Kujidekeza, mwanamke aliyenilea kwa sindano na uzi! Roho inaniuma.

Nimemwambia mdogo wangu cherehani haitoki humu mpaka Mama apimwe. Kasusa, kaondoka bila kunywa chai.

Jumanne, 12 Machi

Maabara. Naandika hapa hapa kwenye benchi. Njia nzima Mama kaning'ang'ania mkono, anayumba. Kaniuliza mara mbili tunakwenda kwa nani.

Damu imeshatolewa, tunasubiri majibu. Muuguzi alipomfunga mpira mkononi, Mama alifumba macho. Nikajua anaogopa sindano. Kumbe kashika ukingo wa koti la muuguzi, analisugua kwa vidole viwili, taratibu.

Tetroni, kasema. Kama wamekwambia pamba, wamekudanganya.

Muuguzi kacheka. Yeye hajui, kasema, koti kagawiwa tu.

Nikalishika na mimi. Nikalisugua, nikabadilisha mkono, nikalisugua tena. Sikuhisi kitu. Sijui kama Mama kapatia au kabahatisha.

Muuguzi keshakwenda zake. Mama bado kanikazia macho. Haya, na wewe unasemaje? — na kaniita kwa jina langu. Dirishani wanaita namba yetu. Hainuki. Anasubiri jibu langu.