Sikatai Masomo, Nakataa Kitale

Jumatatu, 4 Juni 1951

Mvua tena. Darasa la tatu wamefika na matope hadi magotini. Somo la wadudu: kichwa, kifua, tumbo. Wanakariri vizuri, lakini naona hawajui kwa nini nawasumbua. Kwao nzi ni nzi.

Mchana Mwalimu Mkuu ameniita. Kitale wamejibu. Mzungu mwenye nyumba ya makumbusho amekubali kuwapokea watoto Ijumaa ya wiki ijayo. Kuna vipepeo, ndege waliokaushwa, mifupa ya wanyama, mawe, na kioo cha kukuzia vitu vidogo. Bwana Salim, mwenye duka karibu na msikiti wa Bungoma, atatupa lori lake pamoja na dereva wake, Juma. Hataki malipo. Sijui tulimfanyia wema gani.

Kazi yangu ni kuzungumza na wazazi. Nimerudi nyumbani nikiimba.

Jumatano, 6 Juni

Wazazi wamekuja shuleni, wachache. Nimeeleza yote: chakula cha njiani, nguo ya baridi, kutoka mapema, kurudi kabla ya giza. Walinisikiliza kwa adabu, ile adabu ya watu walioamua zamani. Mwishowe Baba Simiyu, fundi wa baiskeli, akauliza kama ni kweli ati kule kuna watu wamewekwa ndani ya chupa. Nikasema hapana. Akauliza kama nimeona kwa macho yangu. Nikasema sijaona.

Hapo nikashindwa. Aliuliza vizuri, bila dharau. Kosa si lake.

Alhamisi, 7 Juni

Wanakataa mmoja mmoja. Huyu mtoto ana kikohozi. Yule ana maharage ya kung'oa. Mwalimu Mkuu anasema wakibaki wachache safari haipo.

Nimemlalamikia mume wangu. Mutua ni karani wa stesheni, anajua watu wa hapa kuliko mimi. Mimi Mtaita bado ni mgeni. Anasema wazazi hawatusubiri sisi walimu. Wanamtazama Kukhu Nekesa, yaani Nyanya Nekesa wa Kabuchai. Ndiye aliyewazalisha karibu wote hawa. Yeye akikubali, wamekubali.

Kukhu ni nyanya yake Nasimiyu, na Nasimiyu ndiye mtoto mwenye akili kuliko wote darasani kwangu. Hajasema neno juu ya safari. Sikujiuliza kwa nini.

Jumamosi, 9 Juni

Nimeenda Kabuchai kwa miguu. Nimemkuta Kukhu akipukuchua maharage. Akanipa kigoda, tukapukuchua pamoja. Nimesema yote niliyopanga kusema. Hakuna watu kwenye chupa, nyumba ni ya elimu, nitawalinda kama wanangu. Aliniacha nimalize.

"Mwalimu, mimi sikatai masomo," akasema. "Nakataa Kitale. Ile Kitale ilikula mtoto yangu."

Wafula, baba yake Nasimiyu. Alienda kufanya kazi kwenye shamba la mzungu, upande ule wa mikaratusi. Aliugua huko. Habari zilifika akiwa ameshazikwa, na aliyezileta hakujua kaburi liko wapi. Nasimiyu alikuwa hajaanza kutembea.

Nimeendelea na maharage mpaka yakaisha. Nimeona haya kwa sababu ya maneno yangu yote mazuri ya chupa.

Jumapili, 10 Juni

Sikusikia mahubiri. Baada ya ibada nimemfuata Kukhu njiani nikamwambia sitamwomba tena. Nasimiyu akibaki, abaki kwa amani. Nitamletea michoro, nitamweleza kila kitu. Nilisema kweli tupu, wala sikuwa na hila.

Akauliza nani ataketi na watoto nyuma ya lori. Nikasema mimi. Peke yako? Peke yangu.

"Basi tutaenda mimi na wewe. Mtoto akae katikati."

Nimelia njia nzima mpaka Bungoma. Mutua alidhani nimepata msiba.

Jumanne, 12 Juni

Sasa shida ni nyingine. Akina mama wote wanataka kwenda. Wale wa kikohozi wamepona. Mama Simiyu anasema anaenda kuziona hizo chupa mwenyewe, amletee mumewe jibu.

Lori halina viti. Bwana Salim amesikia akatuazima mabenchi ya madrasa. Juma ameyafunga kwa kamba. Watoto wa misheni watakalia mabenchi ya madrasa mpaka Kitale, na hakuna aliyeona ajabu. Nawapenda watu wa mji huu.

Alhamisi, 14 Juni

Naogopa. Mzungu aliambiwa watoto. Hakuna aliyemwambia juu ya mama zao. Mwalimu Mkuu anasema nikawaeleze wabaki. Siwezi. Sitaki. Akitufukuza mlangoni, Kukhu atakuwa amefika Kitale bure, kwa ajili yangu.

Ijumaa, 15 Juni

Tumerudi salama. Nimechoka lakini lazima niandike.

Baridi kali njiani. Watoto waliimba mpaka Kamukuywa, kisha wakalala juu ya mama zao. Kitale, mzungu alitoka akatutazama. Mzee mwembamba, shati limechanika kiwiko. Akasema, "Nilisema watoto." Nikamwambia, "Bwana, bila hawa, watoto wasingekuja." Akatutazama tena. Akasema tufute miguu tuingie kwa zamu. Basi. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita.

Kwenye chupa mlikuwa na nyoka. Mama Simiyu alizikagua zote. Watoto walitazama jicho la nzi kwenye kile kioo, wakapiga foleni tena na tena. Nasimiyu hakutaka kutoka hapo.

Kukhu alienda taratibu, kitu kwa kitu. Mbele ya ndege akaniuliza vikaratasi vidogo vinasema nini. Nikamsomea: jina, mahali alipopatikana, siku yake. Akaniuliza kama ni hivyo kwa wote. Nikasema ndiyo, hata vipepeo.

"Kumbe hata ndege anajulikana alikofia," akasema.

Akasogea kwa ndege mwingine.

Wakati wa kurudi alimwuliza Juma kama anajua shamba la mikaratusi. Juma analijua, hubeba mahindi huko. Akazunguka kidogo bila kuniuliza, akasimamisha lori kando ya ua wa shamba. Kukhu hakushuka. Alisimama, ameshika bega la Nasimiyu, akaita kuelekea ile miti.

"Wafula. Mtoto wako huyu. Ameshakuwa mkubwa, anasoma. Twende nyumbani."

Alisema kwa Lubukusu, lugha yao. Mama Simiyu alinong'ona maana yake sikioni mwangu. Mama mmoja akaanza wimbo wa kanisani, polepole, wengine wakauchukua. Juma alivua kofia. Alingoja mpaka walipomaliza, ndipo akawasha gari.

Kukhu alilala njia yote. Nasimiyu alinishika mkono, hakuuachia mpaka Kabuchai.

Jumatatu, 18 Juni

Jua leo. Watoto wamechora. Vipepeo vya rangi na macho makubwa ya nzi. Baba Simiyu amekuja kunitengenezea baiskeli bila kuombwa. Nimempelekea Bwana Salim shukrani zetu na debe la maharage kutoka kwa akina mama.

Katikati ya somo Kukhu Nekesa ameingia darasani. Hajawahi kufika shuleni. Ameketi benchi la nyuma, mikono mapajani, akasikiliza watoto wakihesabu miguu ya buibui. Nasimiyu hakugeuka, lakini aliinua mkono kwa kila swali.

Kengele ilipolia ameaga kwa kichwa, akaenda shambani.

Mungu, asante.