Gari la Kumpigia Mama Magoti

Kisii, 9 Septemba 1997

Shemeji Nehemiah,

Huku kwetu tuko, mvua tu ndiyo imeanza kutuzoea. Dada yako Nyamoita mimba imemzidi, hata viatu namfunga mimi. Wewe na joto la Mombasa mnapatanaje?

Nakuandikia juu ya lile gari nililonunua kwa mzungu wa mradi wa maji. Unakumbuka linatembea juu ya springi za upepo, ile mifuko ya mpira inayojazwa hewa, likawa linainuka kwenye matope na kushuka likisimama. Sasa kompyuta yake imekufa. Limelala chini, tumbo linakwaruza mawe. Mafundi wa hapa wananiambia niweke springi za chuma nisahau.

Sitaki. Daktari amesema Mama akikosa kliniki tena, kidonda kitachukua mguu wote. Barabara ya kwenda kwake Manga inataka gari lililoinuka, na Mama anataka gari lililoshuka. Mara ya mwisho vijana wa jirani walimpakia kama gunia, akaapa habebwi tena. Nyamoita kwa hali yake hawezi kumwinua mtu. Na mimi siwezi kumgusa mama mkwe, kwenu mnaiita chinsoni, na kwetu Wajaluo heshima hiyo pia ipo. Wewe unauza vipuri huko bandarini. Nitafutie kontrola nyingine ya kupandisha na kushusha, upesi.

Shemeji yako,
Benard Orwa

Mombasa, 21 Septemba 1997

Shemeji Benard,

Mwili wangu ni mzima, ila usingizi umenikimbia tangu nisome barua yako. Mlikuwa mnaniambia mguu wa Mama unapona.

Nimezunguka. Kuna kontrola yenye sensa kila gurudumu, inapima kimo yenyewe. Ni nzuri, lakini ikiingia maji itakufa kama ile ya kwanza, na Manga sasa ni maji matupu. Kuna ya vali za mkono na geji, zinafungwa karibu na usukani. Hiyo haina akili, kwa hiyo haina cha kupotewa nacho. Chukua hiyo. Kuna nyingine ya kidude cha kushika mkononi chenye waya mrefu, unabonyeza ukiwa nje. Siipendi, inainua gari haraka mno.

Ningekuja kuifunga mwenyewe, lakini tajiri haniachii mpaka Krismasi.

Shemeji yako,
Nehemiah

Kisii, 3 Oktoba 1997

Shemeji,

Tumepata salamu zako, nasi tunazirudisha. Umeongea vizuri kama fundi, lakini umesahau kama mtoto wa Manga. Nikiwa kwenye usukani nafungua vali, Mama atakuwa anapandisha mguu nyuma ya bega langu na nguo imevutika. Hatapanda, hata nikifumba macho. Kuendeshwa amekubali, akikaa nyuma na leso ikining'inia kati yetu.

Nitumie ile ya waya. Nyamoita atamshika mkono, na mimi nitasimama kwenye migomba nimegeuza mgongo. Nikisikia mlango umefungwa, ndipo nitabonyeza.

Shemeji yako,
Benard

Mombasa, 14 Oktoba 1997

Shemeji,

Natumaini hamjambo wote watatu, na huyo wa tumboni. Kontrola nimeituma kwa basi, ichukue dukani kwa Lalit, pale mjini Kisii wanapouza vipuri. Nakuomba kitu kimoja tu: anayebonyeza awe anatazama gari. Waliotengeneza kidude hicho hawajui habari za mama mkwe.

Nehemiah

Mombasa, 16 Novemba 1997

Shemeji Benard,

Mbona kimya? Magazeti yanasema madaraja yamebebwa na maji. Nimempigia Lalit simu, akasema alikuona ukipita mjini, gari limeinuka kabisa, akakupungia na hukusimama. Nani alikuwa ndani? Nikiwa kazini nasikia vibaya, nikiwa nyumbani nasikia vibaya zaidi. Niandikie hata mstari.

Nehemiah

Kisii, 24 Novemba 1997

Shemeji,

Nisamehe. Kila nilipoanza, niliichana karatasi. Mama ni mzima, nalisema hilo kwanza.

Mara za mwanzo kontrola ilifanya kazi vizuri. Gari lilishuka langoni polepole mpaka chini, Mama akacheka, akasema limelelewa vizuri kuliko wakwe wengi anaowajua. Akawa anafika kliniki na kurudi bila kuguswa na mtu.

Siku ile mvua ilikuwa inapiga kelele kwenye migomba. Nikasikia mlango, nikabonyeza. Kumbe ulikuwa mlango wa buti, Nyamoita ametia kikapu. Mama alikuwa na mguu mmoja ndani. Gari liliinuka naye, likamtupa matopeni.

Nyamoita alipiga ukelele, na mimi nikabaki nimegeuza mgongo. Shemeji, nilisimama hivyo hivyo, mwili ulikataa kugeuka. Ndipo Mama akasema, "Benard, geuka unishike." Hakuwahi kunitaja jina tangu nimwoe binti yake. Nilimbeba mikononi, akanishika shingo. Ni mwepesi mno. Sikujua amepungua hivyo.

Nyonga haikuvunjika, ni kifundo cha mkono tu. Wamemlaza, wanakisafisha kidonda kila siku, na daktari anasema mguu utabaki. Nesi alimuuliza nani amemleta. Akasema, "Mwanangu." Nesi akataka jina. Nikangoja ataje lako, akataja langu.

Nisingekuandikia hilo la mwisho, lakini ungelisikia kwa Nyamoita.

Benard

Mombasa, 2 Desemba 1997

Benard,

Safari hii salamu utanisamehe. Barua yako niliisoma nimesimama na tangu hapo sijatulia kuketi. Sina hasira na wewe. Nina wivu, na nauandika ulivyo. Nimemwambia tajiri naondoka Ijumaa, akitaka amtafute mtu mwingine. Naituma hii na dereva wa basi ikufikie kabla yangu. Usimtoe Mama hospitalini, nitambeba mimi. Na hicho kidude king'oe.

Nehemiah

Kisii, Jumamosi, 6 Desemba 1997

Nehemiah,

Karibu nyumbani. Barua hii namwachia Lalit akupe ukishuka basi, kwa sababu sitaweza kuwa hapa. Nyamoita ameanza uchungu alfajiri na niko naye hospitalini. Ukinitaka, niko hapo.

Mama walimruhusu jana. Nilimwambia unakuja, tungoje siku moja tu. Akasema amekungoja vya kutosha, na kuku wake hawana mtu. Gari likashuka, nikageuza mgongo kama kawaida. Akanigusa bega kwa fimbo yake, akasema, "Hayo tumeshayapita." Nikambeba tena, kupanda na kushuka.

Wazee wamekaa, wamesema jambo hili la mimi kumgusa Mama lisafishwe kwa mbuzi, na kamba yake ishikwe na mwana wa nyumba. Hilo mimi siwezi kukufanyia. Mbuzi amefungwa langoni na Mama ameweka kiti chake hapo hapo tangu jana jioni.

Gari liko nje ya duka, ufunguo anao Lalit. Kontrola sikuing'oa. Liinue kabla hujaanza kupanda Manga, barabara ni mbaya. Ukifika langoni lishushe mpaka chini, hata kama hakuna anayepanda. Mama anapenda kuliona likipiga magoti.

Ndugu yako,
Benard