Nililinganisha Nyumba Yangu na ya Jirani, Sasa Nakula Ngazini

Shangazi mpendwa, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi za ghorofa letu, sahani iko mapajani, na nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanicheka.

Mimi ni baba wa watoto wawili na nasoma shahada ya uzamili ya sosholojia, na haya yote yalianza pale profesa wangu alipotufundisha utafiti linganishi, akasema ukitaka kujua chanzo cha jambo tafuta visa viwili vinavyofanana kwa kila kitu isipokuwa matokeo, kile kidogo kitakachotofautiana ndicho unachokitafuta, nami pale pale nikawakumbuka jirani zetu, kinyozi na mkewe Mama Pacha, ambao ukuta wetu ndio ukuta wao, vyumba vyao kama vyetu, watoto wawili kama sisi, kipato ni kile kile, hata makochi tulichongewa na fundi mmoja, lakini wao hawagombani, na sisi tunagombana hata kuhusu nani kaacha taa ya bafuni inawaka.

Basi nikaanza kuchunguza bila kumwambia mtu, nikaona kwao kochi liko dirishani, nikalisogeza la kwetu, mke wangu aliporudi kutoka kwenye duka la dawa anakofanya kazi akajigonga goti gizani, nikamwambia avumilie kwa sababu kwa Mama Pacha liko hivyo na wana amani, kisha nikabadilisha mapazia, nikahamisha redio jikoni, na kila nikibadilisha kitu tunagombana zaidi, mpaka jioni moja akanikuta nimeegesha glasi ukutani na sikio juu yake.

"Unasikiliza nini, Baba Watoto?"

"Nakusanya data."

"Data za mke wa mtu?"

"Usinielewe vibaya, mke wangu. Yule ni kisa namba moja. Wewe ni kisa namba mbili."

Akarudia polepole, "Mimi ni kisa. Tena namba mbili."

Shangazi, hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Alikwenda kugonga kwa jirani, wakanong'onezana wee, akarudi na kusema, "Kama unataka kujua tatizo ni nyumba au ni mtu, tumhamishe mtu tuone." Wakakubaliana kwamba kwa wiki nzima mimi nitakula chakula cha jioni kwa Mama Pacha na kinyozi atakula kwangu, kila mtu akirudi kwake wakati wa kulala, na kinyozi, mtu asiye na maneno, akasema yeye popote penye chakula hana tatizo.

Jioni ya kwanza nilikaa vizuri, ya pili nikamweleza Mama Pacha kwamba kwetu sufuria hufunikwa mapema na mvuke haupotei, na kwamba pacha wake hawashiki kijiko vizuri ukiwalinganisha na wanangu, na yule mama ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti alinifokea mpaka watu wa ghorofa ya chini wakatoka nje, na wakati anafoka nikamsikia mke wangu, upande wa pili wa ukuta, anacheka, bila hata glasi.

Wiki imeisha, kinyozi amekula kwangu siku zote bila ugomvi hata mmoja, Mama Pacha amenifungia mlango, na nilipoomba kurudi mezani kwangu mke wangu akajibu kwamba utafiti mzuri hurudiwa, akanipakulia, akanionyesha ngazi. Profesa naye, nilipomsimulia, amefurahi, anasema matokeo ni safi kabisa, chanzo ni mimi, niandike tasnifu haraka. Shangazi, nampenda mke wangu. Niandike, au nifanyeje? Na je, wanaume wengine wanaokuandikia, ukiwalinganisha na mimi, wana hali gani?

Mtafiti wa Ngazini

Bwana Mtafiti,

Marahaba, na pole. Pole yenyewe imeishia hapo.

Barua yako nimeisoma yote. Nimeliona kochi, nimeyaona mapazia, redio nimeisikia, ila sijaona mahali ulipomuuliza mke wako anataka nini. Umemchunguza jirani kupitia ukuta na mwenye majibu yuko jikoni kwako. Tena hata huko chuoni kwenu mtu huombwa ruhusa kabla hajachunguzwa. Wewe ulimpa namba.

Ila usijihukumu kwa matokeo ya profesa wako, maana ni mabovu. Kinyozi alikuwa mgeni. Mwanamume yeyote anayekuja kula na kuondoka huwa mtamu, mlete akae mwaka mzima tuone ataacha taa ngapi. Na nani amekuambia kwa Mama Pacha kuna amani? Umesikia kimya tu. Kuna wanaogombana kwa macho, glasi yako haisikii hayo.

Sasa fanya hivi, leo. Nenda kwa Mama Pacha, simama mlangoni, omba radhi kuhusu watoto wake, na usijieleze. Mwambie profesa unabadilisha mada, ukalinganishe stendi mbili za mabasi, hizo haziwezi kukununia. Kisha rudi kwako, gonga mlango wako kama mtu mwenye adabu, mwambie mke wako, "Nimekukosea. Nilikuchunguza badala ya kukuuliza." Muulize, halafu nyamaza mpaka amalize. Atachukua muda. Alikuwa na mengi kabla hujaenda chuo.

Kuhusu wanaume wengine wanaoniandikia, sitakujibu, na ukome.

Akikukaribisha mezani, kaa. Akikuuliza chakula kikoje, sema kitamu. Ukisikia ulimi unataka kuongeza "kuliko", tia tonge mdomoni.