Kuvu Nyuma ya Kitanda

Kericho, Juni 1954

Baba Nyaguthii,

Sisi tuko, ila mvua ya huku haipumziki. Ukuta nyuma ya kitanda umeota kuvu nyeusi, na mtoto akaanza kukohoa. Mama Kimutai, jirani yetu, alinigombeza: "Unapika ndani na dirisha umefunga, mvuke utaenda wapi? Sogeza kitanda, pangusa ukuta, fungua."

Nilifungua. Ukuta ukakauka, Nyaguthii akalala vizuri. Lakini yule aliyewaonyesha askari nyumba yetu siku uliposhikwa, sasa kila jioni anasimama nje ya hilo dirisha. Jana alimwita mtoto kwa jina.

Leo nimelipigilia dirisha misumari. Ukuta umeanza kulowa tena, na Nyaguthii anakohoa ninapoandika.

Wako,
Mama Nyaguthii