Mkono Ulionyoshwa

Mtaa wa Budhwar, Pune,
9 Machi 1924.

Mpendwa dada yangu Yamuna,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba joto la Rangoon halijakumaliza. Goti lako je? Langu linalisalimu, maana nalo limeanza.

Simu ya maandishi ilikupa habari ya mdogo wetu Moreshwar kwa maneno manne, tena ya karani. Yaliyobaki ni haya.

Unamkumbuka Moru jukwaani. Miaka ishirini, mwanamume yeye, alicheza malkia, na wake za watu walikuja kujifunza kwake kuvaa sari. Mimi nilikaa nyuma ya pazia nikimnong'onezea mistari. Akimaliza wimbo, ananyosha mkono na kungoja. Ukumbi mzima unapiga kelele, "Rudia!" Naye anarudia, kila mara kwa madoido mengine. Kuna siku aliitwa mara saba, mpaka mfalme wa mchezo akasinzia kitini.

Mwaka juzi watu wa sinema walimchukua, kwa kuwa hawakupata mwanamke aliyekubali. Walipiga picha uani, juani. Mwenye mashine akamwambia, "Bwana Moru, usijichoshe kuimba. Hii haina masikio."

Moru akajibu, "Basi nitaimba mpaka iote."

Akaimba wimbo wote. Kisha akanyosha mkono, akangoja. Ua kimya, kunguru tu. Mwenye mashine hakujua kama yamekwisha, akaendelea kuzungusha mpini. Jua lilikuwa linawakimbia, wasiweze kupiga upya, basi ikabaki hivyo hivyo.

Picha ya pili walipata msichana. Moru akarudi jukwaani, lakini kikohozi kilishamla sauti. Hakuitwa tena hata mara moja. Aliniambia bila aibu kwamba anataka hilo tu kabla hajafa: aitwe mara moja zaidi.

Mwezi uliopita picha ile ililetwa hapa, kwenye hema la sokoni. Nilimfunga shali, nikampeleka.

Wimbo ukaisha bila sauti. Mkono ukanyoshwa, malkia akasimama tu. Watu wakaanza kucheka.

"Bibi, umesahau maneno?"

"Mleteeni chai huyo, anangoja chai!"

Moru akanibana kiganja. Dada, mimi ambaye kazi yangu ilikuwa kunong'ona, nilisimama nikapiga kelele, "Rudia!" Mzee mmoja muuza bangili akageuka, akanitazama, akamtazama Moru, naye akaita. Kisha hema zima. Mwenye mashine ya kuonyesha akaona heri kuurudisha utepe kuliko kupigwa na maganda ya karanga.

Malkia akaimba upya. Moru alitazama mpaka mwisho, akaniambia sikioni, "Kaka, hajabadilisha hata kidole. Twende nyumbani."

Alifariki siku ya tano, alfajiri, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Majivu tumeyapeleka mtoni. Ile sari yake ya kijani ya jukwaani nimekuwekea.

Msalimie shemeji Vinayak, na Kusum, na yule mdogo nisiyemjua. Shangazi Dwarka anasema uje kabla hajaisahau sura yako. Mungu awatunze huko ng'ambo.

Picha itaonyeshwa mpaka Jumapili. Nimekwenda mara tatu. Siiti tena. Mkono ukinyoshwa namnong'onezea mstari unaofuata, naye anazidi kungoja.

Ni mimi ndugu yako, nikupendaye daima,
Raghoba