Mume Wangu Anajivunia Grisi Isiyo Yake

Lakini sikukumalizia, Shangazi mpendwa, maana barua yangu ya kwanza iliishia kwenye harusi, na sasa naomba unisaidie na yaliyofuata, kwa sababu mume wangu ni asali, asubuhi ananiamsha kwa kunipulizia sikioni, na zawadi yake ya ndoa ilikuwa kibodi ya kompyuta ya kujiundia, ile ya kipande kwa kipande, kila kitufe na swichi yake chini, kwa kuwa kazi yangu ni kuandika mashauri ya mahakama kutoka kwenye rekodi za sauti, hapa hapa nyumbani, naye alisema vidole vyangu havistahili kibodi ya kila mtu.

Tatizo ni rafiki yake tunayemwita Sikio, anayedai kusikia kasoro ya swichi akiwa chumba cha pili. Mimi nilitaka swichi zilizokwisha kupakwa grisi ya kulainisha kiwandani, tuzichomeke tu, nianze kazi. Sikio akacheka mpaka akashika ukuta. "Shemeji, hizo ni za watu wasio na mapenzi. Swichi hufunguliwa, ikapakwa kwa brashi, moja moja, na mkono unaojua." Mume wangu akanitazama kwa yale macho yake, nikayeyuka, nikakubali.

Basi akapaka, Shangazi, akapaka kwa moyo wote, ulimi umetoka kidogo pembeni kama mtoto anayechora, nikampenda upya, ila grisi ilizidi, vitufe vikawa vinazama na kukawia kurudi, jina la shahidi linatoka nusu, mkuu wangu akaanza kunirudishia kazi, ndipo siku moja mume wangu akiwa kazini kwake, duka la dawa, nikazing'oa swichi zote, nikazificha, nikachomeka za kiwandani nilizonunua kimya kimya, nikarudishia vifuniko vya vitufe vilevile. Jioni Sikio akaja, akabonyeza, akafumba macho. "Sikia hiyo. Kiwanda gani kitakupa sauti kama hii? Huu ni mkono wa mtu." Mume wangu aling'aa, na mimi nikapiga makofi.

Sasa wamekubaliana kufungua karakana ya kuwapakia watu grisi kwenye swichi, na mume wangu anaacha kazi mwisho wa mwezi, barua ya kuaga ameshaanza kuiandika, tena kwenye kibodi hiyo hiyo, huku akiniambia, "Mke wangu, wewe uliniamini kabla ya wote." Nikisema ukweli nitamvunja moyo, nikinyamaza tutakula nini? Nifanyeje?

Bi Harusi Mpya

JIBU

Bi harusi, hongera kwa hiyo asali. Sasa ifute machoni uone.

Nianze na Sikio. Mtu anayefumba macho akaisifia grisi ya mashine kwamba ni mkono wa mtu, huyo hana sikio, ana mdomo. Mashine hupaka kiasi kilekile kila swichi, wala haisubiri kusifiwa, na kwa mtu anayeandika kutwa hilo linatosha kabisa. Wanaojua kupaka kwa mkono wapo, lakini walijifunza kwa kuharibu swichi zao wenyewe, si za mke mwenye kazi mezani. Mumeo hakuviuliza vidole vyako hata mara moja. Alimuuliza Sikio.

Na wewe usijifiche nyuma ya mapenzi. Kubadilisha swichi sikulaumu, kazi ni kazi. Yale makofi ndiyo yaliyokuponza. Ulimwona mwanamume mzima anasifiwa kwa kazi ya kiwanda, ukashangilia, leo unashangaa anataka kuacha ajira? Ulitaka asubiri nani amwambie, mteja wa kwanza mwenye kibodi inayonata?

Leo mumeo akirudi, usimtafutie maneno matamu. Ng'oa swichi moja ya kiwandani mbele yake, chomeka moja aliyopaka yeye, mpe abonyeze zote mbili. Kisha sema: "Hii ndiyo ninayofanyia kazi. Hii ni yako." Ukishasema, nyamaza. Usibembeleze, usibusu. Ataona aibu, atanuna, pengine atalala amekupa mgongo. Mwache anune akiwa na ajira. Akitaka kupaka, apake siku za mapumziko, swichi zake, meza yake. Sikio akikuita shemeji tena, mpe ile brashi ya grisi na umwonyeshe mlango.

Nitapita mtaani kwenu kabla mwezi haujaisha, na nitaanzia duka la dawa. Nataka nimkute mumeo nyuma ya kaunta.