Betri za Kompyuta ya Tata

Jumapili, Kanazi

Kile kikompyuta cha mkononi cha marehemu Tata, baba yangu, kina mfumo endeshi wa zamani sana; betri zikikaa nje kidogo tu, kinasahau kila alichoandika.

Leo nimezibadilisha. Mama alisimama nyuma yangu. "Wahi, mwanangu. Nisije nikafiwa naye mara ya pili."

Kioo kikarudi, kijani kama ziwa lenye ukungu. Saa kumi alasiri kikompyuta kikalia kama kila siku, yakatokea maneno aliyoyaandika Tata: "Geuza kahawa."

Mama akatoka uani. Msimu umekwisha, mkeka wa kuanikia kahawa ni mtupu. Akainama, akapitisha viganja juu yake polepole. Nikasikia harufu ya kahawa, au labda...

Nikainama upande wa pili, tukageuza.